Mkokoteni wa Mabatini: kisa cha nahodha wa raga aliyekabidhiwa timu ya taifa

Kabla ya kisa

Kisa hiki ni cha mtu mmoja, naye ameridhia kisimuliwe. Nimeondoa jina lake, majina ya wenzake, miaka, matokeo ya mechi zake na jina la nchi aliyoichezea. Ziwa Victoria linazungukwa na nchi tatu. Moja ni ya baba yake, nyingine ni ya mama yake, na ipi ni ipi haibadilishi funzo. Nitamwita Nahodha, maana cheo hicho ndicho kilichompa kazi, na ndicho kilichomponza.

Mimi nilikuwemo kwenye kamati iliyompa timu. Niliunga mkono. Kwa hiyo baadhi ya makosa nitakayoyaeleza ni ya kwangu, na ninayaandika kwa ajili ya kamati nyingine ambazo, pengine leo jioni, zinakaa kujadili mchezaji gani mstaafu apewe filimbi ya ukocha.

Usuli

Nahodha alizaliwa Mwanza na kukulia Mabatini. Utotoni alicheza mpira wa miguu kama watoto wote wa Jiji la Miamba, na siku za mechi alipenya uwanja wa Kirumba kwenda kuitazama timu ya Pamba. Raga hakuijua. Aliikuta shule ya bweni ng'ambo ya mpaka wa Sirari, alikopelekwa kwa wajomba zake baada ya darasa la saba. Upande ule wa ziwa raga ina mizizi shuleni, na Kisumu kuna mashindano ya wachezaji saba yaitwayo Dala, ambayo kijana akishayaona mara moja hatulii tena.

Katika raga ya wachezaji 15 alivaa namba 9, yule anayeuingiza na kuutoa mpira kwenye skramu, pale wachezaji wa timu mbili wanaposhikana na kusukumana. Katika raga ya saba alikuwa na kazi nyingine iliyomfanya ajulikane: kudaka mpira wa kuanzia. Hapa namwomba msomaji wa soka anivumilie kidogo, kwa sababu kisa chote kinakaa juu ya jambo hili.

Raga ya saba huchezwa kwenye uwanja uleule wa watu 15, lakini kila kipindi ni dakika saba tu. Trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani, ni pointi 5, na teke la nyongeza baada ya trai ni pointi 2. Katika raga ya 15, timu iliyofungwa ndiyo inayopiga mpira kuanzisha upya. Katika raga ya saba ni kinyume: aliyefunga ndiye anayepiga, na aliyefungwa ndiye anayepokea. Maana yake, ukifungwa unapewa nafasi ya kujibu hapohapo, ilimradi uudake mpira unaoshuka kutoka juu. Usipoudaka, aliyekufunga anauchukua tena, na saa inakwenda. Timu inaweza kufungwa trai tatu mfululizo na isiwe imeushika mpira hata mara moja.

Nahodha aliudaka. Hakuwa mrefu kuliko wenzake, ila aliruka kwa wakati wake. Mpira ukipigwa, wengine walianza kukimbia huku na huku wakiutafuta angani. Yeye alikuwa ameshafika. Alicheza hivyo misimu mingi, akapewa unahodha, hadi kano ya msalaba ya goti lake ilipokatika. Baada ya upasuaji daktari alimwambia kuhusu kucheza asahau.

Jinsi alivyopewa timu

Kocha wa kigeni alikuwa amemaliza mkataba na chama cha raga hakikuwa na fedha za kuuongeza. Mashindano ya kufuzu yalikuwa yanakaribia. Mezani palikuwa na majina mawili: mwalimu wa shule aliyefundisha raga ya vijana kwa miaka mingi, ambaye nje ya wilaya yake hakuna aliyemjua, na Nahodha, ambaye bado alikuwa anatembelea magongo.

Tulimchagua Nahodha. Sababu zetu nazitaja kama zilivyosemwa, bila kuzipamba. Wachezaji watamheshimu. Waandishi wa habari watatuacha tupumue. Mshahara wake ni mdogo. Kisha mjumbe mmoja akaongeza, kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala, kwamba Benjamin Ayimba alikuwa nahodha wa Kenya, akawa kocha, akashinda Singapore.

Ni kweli alishinda. Aprili 2016 Kenya iliifunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya mashindano ya raga ya saba ya Singapore, Fiji hiyohiyo ambayo miezi minne baadaye ilichukua dhahabu ya Olimpiki kule Rio. Lakini mjumbe yule alisoma ukurasa wa mwisho tu. Ayimba alikuwa ameshaiongoza Kenya zamani, akaifikisha nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga ya saba huko Dubai mwaka 2009, akaondoka kwenye benchi hilo, ndipo akarudishwa. Kati ya Dubai na Singapore kuna miaka saba. Alifariki Mei 2021 kwa malaria iliyopanda kichwani, na inaniuma kila jina lake linapotajwa vikaoni kana kwamba ushindi ule ulimdondokea kwa kuwa aliwahi kuvaa jezi.

Nahodha alikubali kwa sababu mbili zinazoeleweka. Aliogopa kwamba akikataa hataitwa tena, na alikuwa na mke, mtoto mchanga, na goti lisiloingiza hata senti. Hakuna aliyemuuliza kama amewahi kumfundisha mtu yeyote kitu chochote. Tulikaa saa tatu kwenye kikao kile na swali hilo halikutoka.

Msimu mmoja kwenye benchi

Nusu ya waliokuja kambini walikuwa wenzake. Jana walilala naye chumba kimoja na kumwita kaka. Leo walitakiwa kumwita mwalimu. Wadogo walimwita mwalimu tangu asubuhi ya kwanza. Wakubwa hawakumwita chochote. Walimwashiria kwa kidevu, au walisubiri awatazame ndipo waseme.

Siku ya tatu nilikuwa pembeni ya uwanja akifundisha kudaka mpira wa kuanzia. Alisimama mbele ya kijana mmoja mgeni, mrefu, mwenye mikono mizuri, akamwonyesha: mikono juu, kichwa nyuma kidogo. Kuruka hakuweza, goti lilikataa. "Unaingia tu," alimwambia. "Unausikia, unaingia."

"Nausikiaje, mwalimu?"

"Utausikia."

Mpira ukapigwa. Kijana akaruka mapema, ukampita. Ukapigwa tena, akachelewa. Nahodha akamwita mchezaji wa zamani, mwenzake, akaudaka vizuri, na Nahodha akamgeukia kijana: "Umeona?" Kijana akasema ameona. Nilichokiona mimi ni kijana aliyeondoka pale na aibu, asijue cha kubadilisha. Niliandika kwenye ripoti yangu kwamba mazoezi yanaendelea vizuri.

Kwenye mashindano, mechi iliyotutoa ilikwisha katika kipindi cha kwanza. Tulifungwa trai, tukapokea, kijana yule akaupoteza. Trai ya pili, tukapokea, mpira ukamgonga kifuani ukaruka mbele. Nahodha alikuwa amesimama kwenye mstari akipiga kelele: "Ruka! Ruka!" Lakini neno likitoka kwenye mstari, mpira umeshateremka. Baada ya trai ya tatu alinyamaza, akakaa.

Chama kilimwondoa kwa simu. Barua ilifuata baadaye, na ndani yake hapakuwa na neno lolote kuhusu sisi tuliomteua.

Kurudi Mwanza

Alikuwa na njia tatu. Klabu moja ya jiji kubwa ilimtaka awe kocha mkuu. Ukumbi wa mazoezi ulimtaka awasimamie wanaopunguza uzito. Au arudi nyumbani. Alirudi nyumbani, na alipokuwa ananisimulia hakujifanya kwamba ulikuwa uamuzi wa hekima: kodi ya nyumba ilimshinda. Baba yake mdogo alikuwa na chumba Mabatini, wakahamia hapo yeye, mke na mtoto.

Baba mdogo ana mikokoteni ya kukodisha. Vijana huichukua alfajiri, wengine huenda nayo Mwaloni kubeba magunia ya dagaa, wengine mjini kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na jioni huirudisha pamoja na hesabu. Anayeijua Mwanza anajua kazi hiyo ikoje: mji wenyewe ni mawe na vilima, na mzigo mara nyingi unakwenda kwa mtu aliyejenga juu.

Jioni moja mkokoteni wenye mifuko ya saruji ulikwama kwenye mwinuko karibu na nyumbani. Mbele alikuwepo kijana mzoefu ameshika mishikio. Nyuma alisukuma deiwaka, kibarua wa kutwa, siku yake ya kwanza au ya pili. Alikuwa ameinamisha kichwa katikati ya mikono, miguu imenyooka kabisa, mgongo umepinda juu kama wa paka. Gurudumu likaanza kurudi.

Baba mdogo hakuushika mkokoteni. Alitia jiwe nyuma ya gurudumu, akamwendea yule deiwaka na kumwekea kiganja kiunoni. "Macho," akasema. Kijana akainua macho, na mgongo ukanyooka wenyewe. Mzee akanyamaza, akamwacha asukume mara moja. "Goti." Kijana akakunja magoti, akasukuma tena. "Fupi." Hatua zikafupika. Mkokoteni ukaliacha jiwe, ukapanda.

Mtu yeyote wa raga angeona pale umbo la skramu: mgongo bapa, macho mbele, magoti yamekunjwa, hatua fupifupi. Nahodha aliliona pia, lakini anasema hicho sicho kilichomsimamisha. Kilichomsimamisha ni yale maneno matatu, na kimya kilichokaa kati ya neno na neno.

Usiku, wakila, alimuuliza: "Baba mdogo, kufundisha ulifundishwa na nani?"

Mzee alishangaa swali lenyewe. Akamwambia kila mwezi analetewa kijana mpya, kwa sababu wa zamani wakipata hela wanakwenda kuendesha bodaboda. Asipomfundisha leo, kesho mkokoteni unamrudia mtu miguuni. "Na mlimani," akasema, "maneno mengi hayasikiki."

Kesho yake Nahodha alinunua daftari.

Shule, mchanga na mtulinga

Alikwenda shule moja ya sekondari akaomba kufundisha bila malipo. Mkuu wa shule alikubali kwa sharti kwamba asiguse vipindi vya darasani. Uwanja ulikuwa changarawe, na mvua ikinyesha mawe yaliibuka kama viazi. Pale aliruhusu raga ya kugusa tu, ambayo mchezaji akiguswa kwa mikono miwili anasimama. Kuangushana kulifanyika Jumamosi, ufukweni, kwenye mchanga mkavu. Alikataza watoto kunawa ziwani baada ya mazoezi kwa sababu ya kichocho, akawa anakuja na ndoo mbili za maji ya bomba zimefungwa kwenye mkokoteni wa mzee. Mifuko ya kukabia ilikuwa viroba vilivyoshindiliwa pumba za mpunga na kushonwa kwa kamba ya katani.

Kwenye daftari kila ujuzi ulipewa ukurasa, na kila ukurasa maneno yasiyozidi matatu. Kukaba: *macho, bega, kumbatia*. Macho kwanza, kwa sababu anayeinamisha kichwa ndiye anayeumia. Kisha bega linagusa, kichwa kikiwa pembeni ya kiuno cha mwenye mpira na kamwe si mbele yake. Kisha mikono inafunga. Walianza wakiwa wamepiga magoti wote wawili, wakaja kuchuchumaa, wakaja kutembea, ndipo wakakimbia. Hakuna aliyevuka hatua kabla ya kuifanya mbele ya macho yake.

Ukurasa wa kudaka mpira wa kuanzia ulimchukua muda mrefu kuliko yote. Ilibidi ajitazame mwenyewe kwenye picha za video za zamani, akizisimamisha kwenye simu, kuona mwili wake ulikuwa unafanya nini siku zile aliposema unausikia tu. Akagundua mambo matatu ambayo hakuwahi kuyajua akiyafanya. Alikuwa anaita "Yangu!" mapema, hivyo wenzake walimpisha. Alikuwa anageuza ubavu kwa wapinzani, hivyo hata ukimponyoka mpira ulianguka nyuma yake, na mpira ukianguka nyuma mchezo unaendelea bila kosa. Na goti lake la mbele lilipanda kabla ya mikono. *Ita, ubavu, goti.* Alinionyesha ukurasa huo. Umefutwa na kuandikwa hadi karatasi imetoboka.

Lakini muhula wa kwanza haukupita salama. Jumamosi moja alikuwa na watoto wengi na viroba vichache, akawapanga wawili wawili kwa jinsi walivyosimama kwenye mstari. Mvulana wa kidato cha kwanza alipangwa na wa kidato cha nne. Walipoanguka, mdogo alivunjika mtulinga, mfupa wa mbele ya bega.

Nahodha alimpeleka hospitali, akalipa, na jioni akaenda nyumbani kwa mtoto. Mama wa mtoto alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akamuuliza: "Mwanangu, ulinijua mimi kabla ya leo?" Hakumjua. Hakuwa na ridhaa ya mzazi hata mmoja. Shule ilisimamisha raga muhula mzima, na ilikuwa na haki.

Katika muhula huo mtupu ndipo alipomaliza kozi ya usalama ya World Rugby, shirikisho la dunia, ambayo hutolewa bure mtandaoni, kisha akaenda kusoma kozi yao ya ukocha ya ngazi ya kwanza. Aliporudi shuleni alikuja na fomu za wazazi, mizani ya kupimia uzito aliyoiazima, na orodha ya makundi kwa umri na uzito. Mtoto aliyeshukiwa kugongwa kichwa alitolewa siku hiyohiyo na hakurudishwa hata akilia. Wa kwanza kusaini fomu alikuwa mama yule.

Kukataa cheo

Uongozi wa chama ulipobadilika, viongozi wapya walimpigia wakimtaka arudi kuwa kocha mkuu. Safari hii sikuwa kwenye kamati. Alinipigia kuniuliza, nami nikamwambia akubali, kwa sababu nafasi kama hiyo hairudi mara tatu. Hakunisikiliza, na leo nashukuru.

Aliwajibu kwamba anaomba kuwa msaidizi kwenye timu ya vijana, chini ya yule mwalimu wa shule ambaye sisi tulimpita kwenye kikao cha kwanza. Mwalimu huyo alikuwa ameshapewa vijana, kimyakimya. Mshahara wa msaidizi ulikuwa mdogo, na mitaani maneno yakaanza: Nahodha ameogopa. Alikaa msaidizi misimu miwili.

Namna walivyogawana kazi inafaa kuigwa. Mwalimu aliongoza mazoezi na kupanga wiki: siku ya nguvu, siku ya mbinu, siku ya kupumzika. Nahodha alipewa vitu vitatu tu, mpira wa kuanzia, skramu na ukabaji, na baada ya kila zoezi mwalimu alimuuliza swali moja: nani ameshindwa, na alishindwa kwenye neno lipi? Nahodha naye alikuwa na kitu ambacho mwalimu hakuwa nacho. Mwalimu hakuwahi kucheza ngazi ya juu, na kuna mambo ya kasi ya mchezo ule ambayo aliyafundisha kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayehesabu muziki badala ya kuucheza. Nahodha alimrekebisha, faraghani, na mwalimu alipokea.

Matokeo

Mwalimu alipostaafu, Nahodha alipandishwa, kwanza kwa vijana, kisha timu ya wakubwa ya wachezaji saba. Sitasema kwamba alishinda kombe, kwa sababu hakushinda. Timu yake ilimaliza mashindano ya kufuzu nafasi nzuri kuliko sisi tulivyowahi kumaliza, na haikufuzu. Nilichokwenda kukitazama ni mpira wa kuanzia. Katika mechi ngumu kuliko zote walifungwa trai ya mapema, wakapokea. Mdakaji akaita, akageuka, akapandisha goti, mpira ukatua mikononi mwake. Nahodha alikuwa ameketi. Hakusema kitu, wala hakukuwa na haja.

Mdakaji huyo ni yule kijana mrefu wa kambi ya kwanza. Nahodha alimtafuta yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Uchambuzi

Kosa kubwa kuliko yote lilifanyika kabla ya mazoezi ya kwanza, nalo ni letu. Tulipima alichoweza kufanya yeye, wakati kazi tuliyompa ilikuwa kuwafanya wengine waweze. Vitu hivi viwili vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, lakini kimoja si dalili ya kingine. Mchezaji hodari mara nyingi hajui anafanya nini, kwa sababu mwili wake ulishalijua jambo hilo zamani na kuacha kumweleza. Anayefundisha wapya kila mwezi, kama mzee wa mikokoteni, hana njia ila kuyatafuta maneno. Leo kamati ninayoishauri haimhoji mtu ofisini tu. Mwombaji hupewa vijana ambao hajawahi kuwaona, mpira, na nusu saa. Tunawatazama vijana, hatumtazami yeye.

Pili, njia iliyomjenga ilipatikana kwa bahati. Kama kodi isingemshinda, angechukua ile klabu ya jiji kubwa na kuendelea kupiga kelele za "Ruka!" kwa miaka kumi. Chama hakiwezi kutegemea bahati ya namna hiyo. Ngazi zipo na zinajulikana. Mwaka 2019 vijana wa Kenya chini ya miaka 20 walishinda Kombe la Barthes, mashindano ya vijana ya Afrika, kwa kuifunga Namibia 21 kwa 18 jijini Nairobi, na kocha wao, Paul Odera, baadaye akakabidhiwa timu ya wakubwa. Vijana kwanza, wakubwa baadaye. Kwetu usaidizi bado unaonekana kama adhabu, na mpaka mshahara wa msaidizi umtoshe mtu kuishi, wachache watauchagua kama alivyouchagua Nahodha. Mke wake alikuwa anauza vitenge muda wote huo. Bila vitenge vile kisa hiki kingekwisha mapema, na ni sehemu ambayo haimo kwenye ripoti yoyote ya chama.

Kuumia kwa yule mtoto hakukuwa ajali tu. Kupanga watoto kwa umri na uzito ni jambo la msingi katika usalama wa raga ya watoto, na Nahodha alianza kufundisha kuangushana kabla ya kupata mafunzo ya usalama. Nia njema na kujitolea bila malipo havipunguzi jukumu hilo hata kidogo. Ninasisitiza kwa sababu katika miji ya kandokando ya ziwa vijana wengi waliocheza shuleni wanaanzisha timu za mtaani kwa moyo huohuo, na mchanga hauzuii mfupa kuvunjika.

Kuna mambo mawili ambayo hadi leo hayajakaa sawa. La kwanza ni wale wenzake wa zamani. Wawili waliacha timu katika msimu wake wa kwanza na hawakurudi, na mmoja hasalimiani naye. Nadhani hapa angeweza kufanya vizuri zaidi: mmoja wao alikuwa na kipaji cha kuongea na wadogo, angempa jukumu. Lakini sisi pia tulipaswa kwenda kambini siku ya kwanza na kusema mbele ya wote huyu sasa ni mwalimu. Tulimwachia aidai heshima hiyo mwenyewe, mbele ya watu wanaojua anakoroma.

La pili ni posho. Msimu uliopita posho za wachezaji zilichelewa, naye akawalipa nauli na chakula kutoka mfukoni mwake, mara mbili. Nilimkataza. Anasema hawezi kumwambia kijana aruke akiwa na njaa, na kwa hilo simlaumu. Ila matokeo yake ni kwamba wachezaji sasa wanamdai yeye, chama kimetulia, na mara ya tatu hatakuwa nazo. Nimemwomba aandike barua rasmi, kila mara, hata kama anajua haitajibiwa. Mpaka naandika haya ameandika moja.

Jumamosi ya mwezi uliopita

Alikuwa Mwanza kwa mapumziko, tukaenda pamoja ufukweni. Pale shuleni sasa mwalimu wa raga ni binti aliyekuwa kwenye kundi lake la kwanza. Amemaliza kidato cha nne, anawaongoza wadogo kila Jumamosi, na ndoo za maji ya bomba bado zinakuja. Alikuwa anawafundisha kudaka mpira wa kuanzia. Aliposema "ubavu", watoto wawili waligeuka mgongo kabisa, mmoja akainama kando. Akawasimamisha. Akafikiri kidogo, kisha akasema: "Mlango. Mlango nusu."

Wote wakageuka sawasawa, bega moja mbele, kama mlango uliofunguliwa nusu kumchungulia mgeni.

Nahodha alitoa daftari mfukoni, akatafuta ukurasa uliotoboka, akakata *ubavu* kwa mstari mmoja. Kisha akamwita binti, akamuuliza kama ni mlango tu au mlango nusu. Binti akasema nusu, mwalimu, ukisema mlango tu wanafungua wote. Akaandika yote mawili.